Wiki Saba Chini ya Kapi

Mimi ni fundi cherehani. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha.

Binti yangu, kitindamimba, alikuwa na miaka 11 nilipoona pindo la nyuma la gauni lake limepanda upande wa kulia. Nikadhani nimekata vibaya. Nikalifumua, nikalishusha sentimita 2, likakaa sawa. Baada ya miezi kadhaa bega lake la kulia likawa juu ya la kushoto, nami nikamtilia pedi nyembamba upande wa kushoto. Kisha kiuno kikaingia ndani upande mmoja, nikaongeza marinda ili kisionekane. Kwa karibu miaka 2 nilikuwa nakata nguo zake kwa vipimo viwili, vya upande huu na vya upande ule, na watu wakinisifu kwamba mtoto anapendeza. Na mimi nikijisikia fundi kweli. Jicho langu haliachi kuona kosa la nusu sentimita kwenye kola ya mteja, lakini kwa mwanangu mwenyewe liliona kila kitu, halikuuliza chochote, likashona.

Siku moja aliangusha kopo la vifungo. Akainama kuviokota akiwa na sidiria tu, maana nilikuwa nampima. Upande wa kulia wa mgongo wake ukapanda juu kama tuta, wa kushoto ukabaki chini. Hapo hapakuwa na kitambaa cha kunidanganya.

Mtu wa kwanza aliyemwangalia alisema ni mkao tu. Akae wima, mkoba wa shule aubebe kwa mabega yote mawili. Tukapoteza miezi 5 nikimfokea mtoto: kaa vizuri, nyooka, mbona unajikunja! Naye alikuwa akijitahidi kweli. Tulirudi kutafuta msaada alipoanza kusimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi.

Daktari bingwa wa mifupa aliyempokea mara hii alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweka picha ya eksirei kwenye taa, akatafuta pingili ya uti wa mgongo iliyolala zaidi sehemu ya juu ya mpindo akachora mstari, akatafuta iliyolala zaidi sehemu ya chini akachora mwingine, kisha akapima pembe ya mistari ile. Kipimo hicho kina jina la daktari Mmarekani, John Cobb, aliyekieleza mwaka 1948, na mpaka leo ndicho kinachotumika. Ikizidi digrii 10 ndipo huitwa skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kwa upande. Ikikaribia 45 au 50 madaktari huanza kufikiria upasuaji. Ya mwanangu ilikuwa 118.

Pembe nazijua. Kona ya rula yangu ya kukatia ni 90. Mgongo wa mtoto ulikuwa umepita kona ile ukaendelea.

Nilitarajia anitajie tarehe ya upasuaji. Akasema, "Kwanza tutamvuta."

Sikuelewa, na nakiri nilichukia. Nilichokisikia ni kwamba tunapangwa kwenye foleni, na foleni yenyewe imepewa jina la kitaalamu. Ndiyo maana naandika haya. Kuna mzazi ataambiwa maneno hayohayo kesho, na atatoka pale akidhani wiki za kuvutwa ni wiki za kusubiri tiba. Zile wiki ni tiba yenyewe, na wodini kwetu ndizo zilizokuwa na kazi nyingi kuliko siku ya kisu.

Alinieleza hivi. Mgongo uliopinda kiasi kile, kwa muda ule, umekakamaa. Kano za upande wa ndani wa mpindo zimekuwa fupi, misuli imezoea, mbavu zimejisokota pamoja na pingili. Akimfungua leo na kuunyoosha kwa nguvu ndani ya saa chache, kila kitu kitavutwa kwa mkupuo, na ugwe mgongo ukiwemo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita katikati ya pingili. Ugwe haupendi kuvutwa ghafla. Damu inayoulisha inaweza kupungua, na mtoto aliyeingia chumba cha upasuaji akitembea akatoka miguu imepooza. Njia nyingine ni kuondoa pingili nzima ili kulegeza mpindo. Hufanyika, ila ni upasuaji mzito, wenye damu nyingi na hatari zaidi, na alitaka kuuepuka kama angeweza.

Lakini ukimvuta polepole, siku baada ya siku, akiwa macho, mwili unapata muda wa kurefuka wenyewe.

Hilo nililielewa kwa haraka kuliko alivyotarajia. Sweta la sufi likinywea kwenye maji ya moto, hulivuti kwa mikono miwili. Unalilowesha, unalilaza kwenye ubao, unalibana kwa pini, unavuta kidogo, unaliacha, unarudi tena. Ukilivuta mara moja linakatika uzi mahali usipopaona.

Sababu ya pili ilikuwa mapafu. Kifua chake kilikuwa kimejipinda kiasi kwamba alipopuliza kwenye mashine alitoa asilimia 38 ya pumzi inayotarajiwa kwa mtoto kama yeye. Mwenye pumzi hiyo halazwi kwa nusukaputi ya saa nyingi bila wasiwasi. Na alikuwa mwembamba, kilo 28 katika miaka 13, kwa sababu tumbo lilibanwa, akila vijiko vitano anasema ameshiba.

Kabla ya chochote alipigwa MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Walitaka kuhakikisha shingo ni imara, na kwamba ndani ya mfereji wa uti hakuna uvimbe wala kitu kilichoushika ugwe ukashindwa kusogea. Wapo ambao kwao kuvutwa ni hatari, na hao hutafutiwa njia nyingine.

Pete ilifungwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Wodini waliiita halo. Watoto waliiita taji. Ni duara la chuma chepesi linalozunguka kichwa bila kukigusa, likishikiliwa na pini 8 zinazopita ngozi na kushika gamba la nje la fuvu. Mtu mzima huwekewa 4 zilizokazwa zaidi. Mfupa wa mtoto ni laini, kwa hiyo pini huwa nyingi na kila moja hukazwa kidogo, ili mzigo ugawanyike. (Vifungo vya blauzi ya hariri vivyo hivyo: vitie vingi, kila kimoja kibebe kidogo.) Mbili za mbele zilikaa juu ya nyusi, kuelekea pembeni, kwa kuwa karibu na pua kuna neva hawataki kuigusa.

Nilipomwona ametolewa nilishika ukuta. Kichwa kimenyolewa vipande vipande, chuma kinang'aa, damu kidogo iliyokauka. Alifungua macho, akaniuliza kama nimemletea penseli zake za rangi.

Siku 2 za mwanzo aliumwa kichwa, akapewa dawa ya maumivu. Siku ya pili pini zilikazwa tena, maana hulegea baada ya kufungwa. Kisha maumivu yakaisha. Hili watu hawaniamini nikiwasimulia. Wanadhani mtoto alilia wiki 7. Alilia siku moja na nusu.

Kamba ikafungwa kwenye pete, ikapita juu ya kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, upande wa pili yakaning'inizwa mawe ya chuma. Kitandani, upande wa kichwa uliinuliwa, hivyo mwili wake mwenyewe ndio uliovuta kuelekea chini. Mchana alikaa kwenye kiti cha magurudumu chenye mlingoti nyuma, uliopinda juu ya kichwa kama mkono wa taa, na kapi pale. Palikuwa na fremu ya kutembelea ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto alikula, alisoma, alitembea, alikwenda chooni, huku muda wote anavutwa. Usiku mawe yalipunguzwa kwa nusu.

Wakati ule nilijisomea, nisije nikakaa pale kama furushi. Wazo la kumvuta mgonjwa wa mgongo ni la kale sana. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki wa miaka 2,400 hivi iliyopita, aliandika kuhusu watu waliofungwa kwenye ngazi, ngazi ikapandishwa juu ya mnara kisha ikaachwa idondoke. Yeye mwenyewe aliwadharau waliofanya hivyo, akisema wengi walitaka tu umati ushangae. Pete ya kichwani ni ya juzi. Ilitoka Marekani, California, ikaelezwa mwaka 1959 na Jacquelin Perry na Vernon Nickel, ambao wagonjwa wao walikuwa wa polio waliopooza shingo na hawakuweza kuinua kichwa. Perry alikuwa mwanamke, na kabla ya udaktari alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hilo lilinifurahisha sana, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtaalamu wa viungo wa wodi yetu naye alikuwa msichana mdogo ambaye wageni walimpita wakimtafuta daktari.

Kuna wakati waliovutwa kwa pete walifungwa pia vyuma kwenye mapaja au nyonga, wakakaa kitandani bila kuweza kugeuka. Daktari Pierre Stagnara wa Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeeneza njia hii ya kuutumia uzito wa mwili wenyewe kuvuta upande wa chini, ili mgonjwa aweze kukaa na kusimama, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilipokuwa nasukuma kile kiti uani, mwanangu akipiga gumzo na wenzake, nilimshukuru huyo mzee kimoyomoyo.

Walianza na kilo 2. Nilicheka. Mkoba wake wa shule ulizidi. Kila asubuhi waliongeza kilo 1. Lengo lilikuwa kufika karibu nusu ya uzito wake, na nilipopiga hesabu kicheko kikaisha.

Sheria ya mawe ilikuwa moja: hayaguswi. Yasilale sakafuni, yasikwame kwenye kitanda, asiyeagizwa asiyainue. Wiki ya kwanza shangazi yake alikuja kumtazama, akakaa, akaangalia yale mawe yakiyumba, machozi yakamlenga. Nilipotoka kuchota maji alisimama akayashika kwa mikono miwili, akayainua, "nimpumzishe kidogo mtoto wa watu." Sista mmoja, mtu mzima, alimwona kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. Alitembea haraka, akaweka mikono yake chini ya ya shangazi, akasema, "Taratibu, mama. Tushushe pamoja. Polepole. Hapo." Baadaye ndipo alipomweleza kwamba kuinua si hatari kama kuachia, na kwamba kama angeshtuka akayaachia, kilo 6 zingemnasa mtoto kichwani kwa mpigo mmoja. Shangazi hakuyasogelea tena. Hata alipokuja mara ya mwisho alikaa upande wa miguu.

Kila zamu, na kila walipoongeza jiwe, ulifanyika mtihani uleule. Fuata kidole changu kwa macho, kichwa kisisogee. Tabasamu. Kunja uso. Toa ulimi. Nifinye vidole, nguvu zote. Sukuma mguu, vuta mguu. Unahisi hapa? Na hapa? Mkojo umetoka vizuri? Dakika 3 hivi. Baada ya siku chache mwanangu aliufanya mwenyewe kabla hajaulizwa, kwa mbwembwe, ulimi ukitoka mrefu kuliko ulivyotakiwa. Mimi niliuona kama utaratibu wa kujaza karatasi.

Siku ya 10 ilikuwa kilo 11. Jioni nilikuwa namlisha, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba jingine. "Mama," akasema, "leo mko wawili."

Nikamwambia aache mchezo, ale.

Nitaendelea kujilaumu kwa sentensi ile. Alikula vijiko viwili vingine, akasema tena, sasa bila kucheka, "Mko wawili kweli. Huyu na huyu." Akanyoosha kidole pembeni yangu, pasipo na mtu.

Nilimwita Sista. Akaleta kidole chake, "fuata." Jicho la kushoto lilifuata kuelekea puani, lakini lilipotakiwa kwenda nje likasimama katikati, likashindwa kufika. Hakungoja daktari aje ndipo aanze. Alikuwa na maagizo yameandikwa. Mawe yalishushwa pale pale, moja, la pili, la tatu, taratibu, mpaka kilo 8. Kisha ndipo akapiga simu.

Daktari alinieleza usiku ule, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kuna neva nyembamba inayogeuza jicho upande wa nje, inapita njia ndefu chini ya ubongo, nayo huwa kati ya zile za mwanzo kulalamika kichwa kikivutwa. Ulimi nao una neva yake, ndiyo maana tunauomba utolewe. Vidole na miguu vinatuambia habari za ugwe. Ukisikia mapema na kupunguza mzigo, kwa kawaida hurudi. "Huyu ndiye mashine yangu," akasema, akimgusa mwanangu bega. "Akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji hawezi kuniambia kwamba anaona mama wawili."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini inakuwa polepole na kwa nini akiwa macho. Nilidhani mawe ndiyo kazi, mtoto ndiye anayefanyiwa. Kumbe mtoto alikuwa kipimo. Kuanzia siku ile sikumwambia tena aache mchezo. Akisema mkono unawasha, naita. Akisema mguu una usingizi, naita. Niliita mara nyingi za bure, na hakuna aliyenikunjia uso.

Jicho lilirudi baada ya siku 4. Waliongeza upya, safari hii nusu kilo kwa siku, wakafika 13 na kusimama hapo. Karibu nusu ya uzito wake, ikivuta kichwa kuelekea dari, na yeye yuko chini yake anachora farasi.

Sasa nguo. Hakuna aliyenionya kuhusu nguo! Fulana haipiti kwenye pete. Gauni la kuvaliwa kichwani halipiti. Wasichana wa wodi ile walikaa na mashati ya baba zao au kanga za hospitali zilizofungwa nyuma na kuacha mgongo wazi, na hao ni wasichana wa miaka 12, 14, umri wa kuona haya. Nilikwenda nyumbani nikarudi na cherehani yangu ya mkono. Nikashona blauzi za kufunguka mbele mpaka chini, kola hakuna, mkono mpana unaoingia bila kuinua bega, vifungo vikubwa ili mtoto ajifunge mwenyewe bila kutazama chini, maana ukiwa kwenye pete huwezi kutazama chini. Nikashona na magauni ya kuvaliwa kutokea miguuni, yenye mpira kifuani. Nilishona 9 kwa wiki 7. Msichana wa kitanda cha dirishani alitaka lake liwe na mfuko wa kuweka kioo, kwa sababu kioo ndicho alichotumia kuona kilichoko sahani yake. Nikamtilia. Baadaye wote wakataka mfuko wa kioo.

Pini zilisafishwa kila siku kwa maji ya chumvi, kila moja na kijiti chake cha pamba, kisihamie kwenye nyingine. Ya nyuma kulia ilianza kutoa majimaji wiki ya 4, pakawa pekundu na moto. Ikapewa dawa ya vijidudu, ikatulia. Hiyo ndiyo shida ya kawaida kuliko zote, waliniambia, nami nawaambia: usisafishe kwa haraka kwa sababu leo kumeonekana pasafi.

Na kila Jumapili mimi nilikuwa na mtihani wangu. Kuna kipimo mafundi tunakiita urefu wa mgongo: kutoka kwenye mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi kwenye kamba ya kiuno. Nilikiandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wake. Siku ya kwanza ilikuwa sentimita 27. Jumapili ya kwanza 29 na nusu. Ya pili 31. Ya tatu 32. Ya nne 32 na nusu. Ya tano 33. Ya sita 33. Nikapeleka daftari kwa daktari, nikamwambia futi imesimama, kwa nini tusifanye upasuaji sasa?

Alilitazama daftari lile kwa muda, akaomba alipige picha. Kisha akasema mgongo hutoa sehemu kubwa ya inachotoa ndani ya wiki chache za mwanzo, na wa mwanangu umeshatoa. "Lakini mapafu bado yanapanda, na uzito bado unapanda. Niongeze wiki moja." Alikuwa anapumua kwenye mashine asubuhi na jioni, anapuliza kijipira kipande juu, na kwa kuwa tumbo lilikuwa limepata nafasi alikuwa anakula mara 6 kwa siku, kidogo kidogo, na kumaliza. Wiki ya 7 alikuwa na kilo 31. Pumzi ilifika asilimia 47. Picha ya eksirei ilisoma digrii 84.

84 bado ni mgongo uliopinda vibaya. Nilikuwa nimeota kitu karibu na mstari. Daktari akanieleza, kwa mara ya tatu nadhani, kwamba hakuwahi kuahidi mstari. Mvuto ulikuwa wa kumfikisha salama chumba cha upasuaji.

Upasuaji ulichukua saa 8. Skrubu kwenye pingili, fito 2 za chuma, na vipande vya mfupa vilivyopangwa pembeni ili pingili ziungane ziwe kitu kimoja. Muda wote waya zilikuwa zimeunganishwa kichwani na miguuni zikisikiliza kama ujumbe bado unapita kwenye ugwe. Kabla waya hizo hazijawa za kawaida, madaktari walimwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, mgongo ukiwa wazi, wakamwambia asogeze vidole vya miguu, kisha wakamlaza tena. Kipimo hicho nacho ni cha Stagnara na wenzake, cha mwaka 1973. Yuleyule. Naona mtu huyo alikuwa na wazo moja maishani, kwamba mgonjwa aulizwe.

Pete ilitolewa mwishoni kabla hajaamka. Nilimkuta kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, uso umevimba kwa kulala kifudifudi. Daktari aliinama, akamwita jina. "Sogeza vidole vya miguu." Vikasogea, vya miguu yote miwili. Macho hayajafunguka bado. Kisha, bila mtu kumwomba, akatoa ulimi.

Sista aliyekuwa kando alicheka mpaka akaondoka chumbani.

Baada ya upasuaji picha ilisoma digrii 57. Kwa urefu, kutoka siku ya kwanza ya pete hadi aliposimama tena, aliongezeka sentimita 10. Ana makovu mawili madogo juu ya nyusi, kama alama za pini kwenye kitambaa zilizokataa kupigwa pasi, na moja refu mgongoni ambalo halioni na ambalo mimi naliona zaidi ya inavyotakiwa. Hawezi kujikunja kiunoni kama zamani. Akiokota kitu anachuchumaa. Ngazi anazipanda bila kusimama.

Miezi 4 baadaye nilimpima gauni. Nilikuwa nimetupa karatasi zake zote za zamani za kukatia, zile za pande mbili. Nikaanza upya: urefu wa mgongo, kifua, kiuno, bega hadi bega. Mwisho nikaweka rula mlalo juu ya mabega yake, nikarudi nyuma hatua 2, nikatazama. La kulia bado lilikuwa juu kidogo. Sentimita 1, labda pungufu.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la vifungo, ambamo huwa naweka na pedi. Alinisikia nikilifungua.

"Pedi sitaki, Mama," akasema. "Zinaleta joto."

Nikalifunga kopo, nikakata pande zote mbili sawa.